Inkiranya na Saa ya Kompyuta: Historia ya Kuongoza Taa za Jukwaa kwa Muziki, Ikitazamwa kutoka Bujumbura

Utangulizi

Ngoma za kifalme za Burundi hupangwa kwa namna ambayo jicho huitambua kabla ya sikio. Ngoma moja huwekwa katikati. Nyingine, ambazo kwa kawaida hukaribia kumi na mbili, huizunguka kwa umbo la nusu duara. Ile ya katikati huitwa inkiranya. Miongoni mwa zinazoizunguka, amashakwe hushikilia pigo lisilokatika, na ibishikizo hufuata mdundo unaotolewa na inkiranya. Wapigaji hupokezana kuiendea ngoma ya katikati, na anayeifikia ndiye anayewaongoza wenzake mpaka ampishe mwingine. Saa haimo katika mpango huo. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utamaduni huu katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika wa Binadamu.

Mpangilio huo unahusu moja kwa moja teknolojia ambayo kwa mtazamo wa kwanza iko mbali nao: programu za kompyuta zinazoongoza taa za jukwaa ili ziwake, zififie na kubadili rangi pamoja na muziki. Kila programu ya aina hiyo hulazimika kujibu swali ambalo wapiga ngoma wa Burundi walikwisha kulijibu: nani anashika mwendo, na nani anamfuata? Makala haya yanafuatilia majibu yaliyotolewa Ulaya na Marekani tangu karne ya 19, yanaonyesha mahali ambapo mapigo ya Burundi yenyewe yaliingia katika historia ya muziki wa mashine, na yanadai kwamba istilahi ambazo Kiswahili kitazichagua kwa teknolojia hii zitachangia, kwa kiasi kisicho kidogo, kuamua ni jibu lipi litakalofundishwa kwa mafundi vijana wa Bujumbura.

Mwanga kama kinanda

Kabla ya gesi, mwanga wa jukwaani haukuweza kuongozwa kutoka mahali pamoja. Mishumaa na taa za mafuta zilihitaji watu wa kuzihudumia moja moja, na kuzipunguza zote kwa wakati mmoja ilikuwa kazi ngumu. Opera ya Paris ilipoanza kutumia gesi mwaka 1822, jambo jipya liliwezekana: mabomba ya taa zote yalikusanywa upande mmoja wa jukwaa, na fundi mmoja akaweza kuongeza au kupunguza mwanga wa ukumbi mzima kwa kuzungusha koki zilizopangwa kwa safu. Safu hiyo ya mabomba ilifanana na kinanda cha kanisani. Wafaransa wakaiita kwa jina lenye maana ya seti ya mabomba ya kinanda, *jeu d'orgue*, na jina hilo limedumu. Gesi iliondoka, umeme ukaja, kompyuta ikafuata, lakini katika Kifaransa meza ya kuongozea taa bado ni kinanda. Burundi imelirithi jina hilo pamoja na lugha yenyewe, na fundi wa Bujumbura anayesoma mwongozo wa Kifaransa hulitamka bila kulazimika kukumbuka kwamba ndani yake mna karne mbili za historia.

Jina hilo halikuwa mzaha wa lugha tu. Wazo la kupiga mwanga kama muziki lilikuwa limetangulia gesi. Katika miaka ya 1720 padri Mjesuiti Louis Bertrand Castel alikuwa amependekeza kinanda ambacho kila ufunguo wake ungetoa rangi badala ya sauti. Mwingereza Alexander Wallace Rimington alipata hataza ya kinanda cha rangi mwaka 1893. Mrusi Alexander Scriabin alikwenda mbali zaidi: katika utungo wake *Prometheus* wa mwaka 1910 aliandika mstari maalumu wa mwanga ndani ya nota za okestra, kana kwamba taa ni ala kama filimbi au fidla. Mwanga huo haukutumika katika onyesho la kwanza mjini Moscow. Ulisubiri hadi 1915, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Na mwaka 1935 Frederick Bentham, mhandisi wa kampuni ya Strand Electric ya London, alitengeneza meza ya taa kwa kutumia umbo halisi la kinanda cha Compton, chenye funguo na pedeli zake.

Jambo la kuzingatia katika mifano hii ni mahali lilipo sikio. Castel, Rimington, Scriabin na Bentham wote walidhani kwamba kati ya muziki na mwanga yupo mtu. Mtu huyo husikiliza, au husoma nota, kisha mkono wake hutenda. Akichelewa, mwanga huchelewa. Okestra ikipunguza mwendo kwa sababu mwimbaji anavuta pumzi, naye hupunguza. Kinanda ni mashine, lakini mwendo wake umo mkononi mwa binadamu anayesikia.

Saa inachukua uongozi

Hali ilianza kubadilika pale ambapo mashine zilijifunza kukumbuka. Vifaa vya kielektroniki vya kupunguza mwanga vilivyojengwa kwa thairista vilienea kuanzia miaka ya 1960, na kwa kuwa vilitii volti ndogo tu, ikawa rahisi kuviunganisha na kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 1975 tamthilia ya muziki *A Chorus Line*, ambayo mwanga wake ulisanifiwa na Tharon Musser, ilipelekwa Broadway ikiwa na meza ya taa yenye kumbukumbu ya kompyuta. Kuanzia hapo, kazi ya mkono ilipungua na kuwa kubonyeza kitufe kimoja wakati ishara inapofika. Sikio la binadamu lilibaki, lakini sasa kazi yake ilikuwa kusubiri.

Hatua iliyofuata ililiondoa sikio hilo. Katika miaka michache ya mwanzo wa muongo wa 1980 mambo matatu yalikutana. Mwaka 1981, katika ziara ya kundi la Genesis iliyoanzia Barcelona, zilionekana kwa mara ya kwanza taa za Vari-Lite, ambazo ziliweza kugeuka na kubadili rangi zenyewe kwa amri ya kompyuta. Mwaka 1983 kampuni za ala za kielektroniki zilikubaliana juu ya itifaki ya MIDI, inayoziwezesha ala kupeana taarifa za noti na mwendo. Saa ya MIDI hupeleka mipigo 24 kwa kila noti ya robo. Mwaka 1986 taasisi ya USITT ya Marekani ilitoa itifaki ya DMX512, inayobeba thamani za mikondo 512 katika kebo moja, kila mkondo ukiwa na kiwango kati ya 0 na 255, na ujumbe ukirudiwa hadi mara 44 kwa sekunde mikondo yote inapotumika. Katika itifaki hiyo meza husema na taa husikiliza. Taa haina njia ya kujibu. Ni muundo wa amri, na katika muundo wa amri lazima awepo wa kutoa amri.

Mtoa amri aliyechaguliwa katika maonyesho makubwa ni msimbo wa muda, ambao awali ulibuniwa kwa ajili ya kuhariri kanda za video. Msimbo huo huhesabu saa, dakika, sekunde na fremu. Kompyuta inayocheza muziki hutuma hesabu hiyo kwa kompyuta ya taa, na kila badiliko la mwanga hufungwa kwenye fremu yake. Ili mambo yaende sawa, mpiga ngoma wa jukwaani huvaa visikizi na kupewa mlio wa saa masikioni. Hapo ndipo uhusiano wa kale ulipopinduka: kwa Scriabin mwanga ulimfuata mwanamuziki, na katika onyesho la msimbo wa muda mwanamuziki na mwanga wote wawili humfuata mtu wa tatu ambaye hasikii chochote.

Mapigo ya Burundi ndani ya kanda

Burundi haikuwa nje ya historia hii. Rekodi za wapiga ngoma wa Burundi zilizofanywa mwaka 1967 na kutolewa na Ocora, chapa ya rekodi ya redio ya taifa ya Ufaransa, zilisambaa mbali kuliko walivyotarajia waliozirekodi. Mwaka 1971 ilitoka *Burundi Black*, ambamo mwanamuziki Mfaransa aliongeza piano na gitaa juu ya ngoma hizo. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia kipande cha rekodi hiyohiyo katika wimbo wake *The Jungle Line*, kikijirudia chini ya sauti yake na ya kinanda cha kielektroniki cha Moog. Kufikia 1980 na 1981 makundi ya Uingereza kama Adam and the Ants yalikuwa yakijenga nyimbo juu ya mapigo yaliyoigwa kutoka huko.

Wapigaji wenyewe hawakuwapo katika studio hizo. Kilichokuwapo ni kanda, na kanda haimgeukii mwenzake ili kumpisha. Inkiranya iliyokatwa na kurudiwa haiongozi tena. Imekuwa amashakwe: pigo lisilokatika ambalo wengine hutegemea. Kwa ujumla fasihi ya muziki wa dunia imelijadili suala hili kama la haki na malipo, na hilo ni sahihi. Lakini upo pia upotevu wa kimuundo ambao haujatajwa vya kutosha, yaani kwamba kilichosafiri ni sauti ya ngoma, na kilichoachwa ni utaratibu wa uongozi.

Mwezi Julai 1982 utaratibu huo nao ulisafiri. Wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaa la tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, na kundi la Echo and the Bunnymen likapiga pamoja nao. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya taa za Vari-Lite na mwaka mmoja kabla ya MIDI.

Programu inayosikiliza

Wapo waliotaka mwanga urudi kuufuata muziki wenyewe. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi, na kila aliyewahi kuingia ukumbi wa dansi anaifahamu kwa jina la taa za disko. Kifaa kiligawa sauti katika mafungu, mara nyingi matatu, na kila fungu likawasha rangi yake: sauti nene nyekundu, ya kati kijani, nyembamba buluu. Kifaa hicho hakikujua mdundo. Kilijua nguvu ya sauti tu.

Kompyuta zilileta usikivu wa kina zaidi. Mbinu ya kukokotoa kwa haraka iliyochapishwa na James Cooley na John Tukey mwaka 1965 iliwezesha mashine kuchambua sauti katika sehemu zake mara nyingi kwa sekunde. Juu ya msingi huo zilijengwa algoriti za kutafuta pigo: programu hutambua mahali ambapo nguvu ya sauti inapanda ghafla, hukisia mwendo unaoeleza vizuri zaidi mfululizo wa miinuko hiyo, kisha hutabiri pigo lijalo. Utabiri ni wa lazima, kwa kuwa taa inayosubiri kusikia pigo ndipo iwake itakuwa imechelewa.

Kukisia kunahitaji mahali pa kuanzia. Katika mbinu iliyoelezwa na Daniel Ellis mwaka 2007, na ambayo ipo katika maktaba ya programu huria ya librosa inayotumiwa na watafiti wengi, chaguomsingi la mwendo ni mapigo 120 kwa dakika. Namba hiyo haikuwekwa kwa hila. Ni makadirio mazuri kwa muziki wa dansi na wa pop ambao ndio uliojaa katika mikusanyo ya majaribio. Hata hivyo chaguomsingi ni aina ya sera: huamua ni nani anayesikika bila jitihada na ni nani anayepaswa kujieleza kwanza.

Tatizo la ngoma za Burundi mbele ya programu kama hii si kasi peke yake. Tuseme maikrofoni moja imewekwa mbele ya nusu duara. Kinachoifikia ni jumla ya ngoma zote, na katika jumla hiyo kilicho rahisi kutabirika zaidi ni amashakwe, kwa sababu kazi yake ndiyo hiyo, kutobadilika. Programu itaichukua amashakwe kuwa kiongozi. Mabadiliko ya inkiranya, ambayo kwa wapigaji ndiyo amri yenyewe, yatahesabiwa kuwa mkengeuko unaopaswa kulainishwa. Mwanga utakwenda sawasawa na pigo, hadhira itaridhika, na uongozi wa ngoma hautaonekana popote. Kosa la aina hii haligunduliki kwa kuangalia kama taa zinawaka kwa wakati, kwa sababu zinawaka kwa wakati.

Dawa yake ni ya bei nafuu, nayo inategemea fundi kujua ngoma. Kihisi mtetemo kinachobandikwa kwenye inkiranya peke yake hugeuza kila pigo lake kuwa ujumbe wa MIDI. Ujumbe huo unaweza kupokewa na programu huria kama QLC+, iliyotokana na kazi ya Heikki Junnila na kuendelezwa na Massimo Callegari, ambayo huendeshwa hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kutoa DMX kwa taa. Katika mpango huo programu haikisii nani kiongozi, imeambiwa. Zaidi ya hayo, mpigaji mmoja anapompisha mwingine, mwanga huhamia kwa kiongozi mpya bila amri ya ziada, kwa kuwa kilichounganishwa ni nafasi ya uongozi na si mtu.

Kwa Bujumbura kuna sababu nyingine, isiyo ya kinadharia. Umeme wa REGIDESO hukatika. Taa 24 za kizamani za aina ya PAR 64, zenye wati 1,000 kila moja, zinahitaji kilowati 24, mzigo ambao jenereta ndogo haiwezi kuubeba. Taa za LED zimeipunguza hesabu hiyo sana, lakini hazikuondoa kukatika kwenyewe. Onyesho lililofungwa kwenye msimbo wa muda likizimika katikati, fundi akiwasha upya mitambo hana budi kutafuta fremu ambayo wanamuziki wamefikia, na kama wanamuziki hawakunyamaza kazi hiyo ni ya kubahatisha. Ngoma hazizimiki. Mwanga ulioundwa ufuate inkiranya hujiunga tena katika pigo la kwanza baada ya umeme kurudi.

Neno la Kiswahili ni lipi?

Katika Kiswahili cha kompyuta, kitendo cha kufanya vitu viwili viende kwa wakati mmoja kimepewa zaidi maneno mawili, kusawazisha na kulandanisha, na wakati mwingine la tatu, kuoanisha. Hayalingani. Kusawazisha ni kuondoa tofauti: hutumika kwa ardhi, kwa hesabu, na kwa timu iliyorudisha bao. Kulandanisha hutokana na kulandana, yaani kufanana au kwenda sambamba, na hakisemi nani alitangulia. Kuoanisha huleta pamoja viwili vilivyo sawa kwa hadhi. Maneno yote matatu yanafaa kwa msimbo wa muda, ambapo muziki na mwanga husimama bega kwa bega mbele ya saa. Hakuna hata moja linaloeleza kinachotendeka kati ya inkiranya na ibishikizo.

Na bado lugha inalo neno hilo, tena si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kucheza ngoma au kuimba kwaya: kuitikia. Manju hutoa, wengine huitikia. Kiitikio kina wakati wake, lakini wakati huo hutolewa na anayeongoza. Kuna faida ya kutenganisha istilahi hizi mbili kuanzia sasa. Kulandanisha kungebaki kwa mfumo ambao mwanga na muziki hutii saa moja, na kuitikia kungetumika kwa mfumo ambao mwanga husikiliza ala iliyoteuliwa na kuifuata. Fundi anayeambiwa taa zake ziitikie atauliza ziitikie nani. Anayeambiwa azisawazishe hana sababu ya kuuliza.

Kirundi kinaongeza uzito katika jambo hili. Ingoma kwa Kirundi ni ngoma, na pia ni ufalme. Neno lilibeba maana zote mbili hata baada ya ufalme kufutwa mwezi Novemba 1966. Kiswahili cha Buyenzi na Bwiza kinaishi jirani na maana hiyo kila siku. Kwa msemaji wa huko, kusema kwamba ngoma inaongoza ni kauli ya kawaida kabisa, na wajumbe wa kamati za istilahi kutoka Burundi wana jambo la kuwafundisha wenzao wa pwani, ambao kwao ngoma imekwisha kuwa pia jina la muziki wowote unaopendwa.

Mambo mawili ya sera

Ngoma hizi si mali isiyo na mlinzi. Amri ya Rais ya mwezi Oktoba 2017 iliwakataza wanawake kuzipiga, ikavitaka vikundi vijiandikishe wizarani, na ikazuia maonyesho nje ya shughuli rasmi bila kibali. Amri hiyo ilipokewa kwa ukosoaji ndani na nje ya nchi, hasa kuhusu wanawake. Kwa mada hii athari yake ni mahususi. Kihisi kilichobandikwa kwenye inkiranya halisi kinaliweka onyesho chini ya masharti hayo; kipande cha rekodi kinachochezwa na kompyuta kinaweza kudaiwa kuwa nje yake. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuilinda ngoma inaweza kuwasukuma wasanii wa jukwaa kuelekea kwenye kanda, yaani kuelekea kwenye hali ileile ya 1971 ambamo sauti ipo na uongozi haupo. Washauri wa wizara wanaoandaa kanuni za utekelezaji wangefaa kulitazama hilo kabla halijawa mazoea.

La pili ni la mafunzo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina jukumu la kukiendeleza Kiswahili katika nchi zote wanachama. Miongozo ya ufundi wa jukwaa haijawa miongoni mwa vitabu vinavyopewa kipaumbele cha kutafsiriwa, na pengine hilo linaeleweka, kwa kuwa afya na kilimo vina dharura zaidi. Lakini programu huria hutafsiriwa na watumiaji wake wenyewe, faili moja ya maneno kwa wakati, bila kusubiri bajeti ya serikali. Faili ya aina hiyo ina maneno mafupi ya vitufe na menyu, na atakayeijaza kwanza ndiye atakayekuwa ameamua. Orodha ya kuanzia haihitaji kuwa ndefu: jina la meza ya taa, ambayo haina sababu ya kuendelea kuwa kinanda, jina la ishara, jina la mkondo, jina la chaguomsingi la mwendo, pamoja na maelezo kwamba thamani yake inaweza kubadilishwa, na vitenzi viwili, kulandanisha na kuitikia, kila kimoja kwenye kitufe chake.